Bustani kwenye udongo wa kichanga wa pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoanza bustani karibu na bahari huniuliza mambo yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyaamini baada ya kulima mchanga kwa miaka mingi. Nenda moja kwa moja kwenye swali linalokuhusu, ila la kwanza usiliruke, kwa sababu mengine yote yanatoka humo.

Je, udongo wa kichanga wa pwani unafaa kwa bustani?

Unafaa, mradi uijue tabia yake moja: mchanga haushiki. Maji yanapita, mbolea inapita, hata mboji inaliwa na kwisha upesi. Sababu ni ukubwa wa chembe. Chembe ya mchanga ina upana wa kati ya milimita 0.05 na 2, ilhali ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Chukua ndoo mbili, moja ya kokoto na nyingine ya unga, kisha mimina maji katika kila moja. Kwenye kokoto yatafika chini papo hapo na kuacha unyevu mwembamba tu juu ya kila jiwe; kwenye unga yatakwama. Isitoshe, chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji inayonasa virutubisho kama potasiamu, kalsiamu na magnesiamu visisombwe. Mchanga karibu hauna chaji hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kumwaga mfuko mzima wa mbolea msimu huu, na msimu ujao akakuta udongo wake uko palepale.

Lakini huko kutoshika kuna neema zake. Mizizi inapenya bila kupigana na kitu. Maji hayatuami, kwa hiyo mizizi haiozi hovyo. Unaweza kuingia na jembe saa chache baada ya mvua kubwa, wakati mwenye mfinyanzi bado anangoja kukauke. Nchini Uholanzi, mashamba ya maua ya tulipu kati ya Haarlem na Leiden yako kwenye mchanga ulio nyuma ya vilima vya pwani. Katika visiwa vya Aran, Ayalandi, watu walitengeneza udongo juu ya mwamba mtupu kwa kubeba mchanga na mwani kutoka ufukweni. Mchanga si udongo uliokufa. Ni udongo unaotaka kulishwa kila wakati.

Nitajuaje kama nilicho nacho ni mchanga mtupu au mchanganyiko?

Tafuta chupa ya kioo yenye mfuniko. Chimba udongo wa kina cha sentimita 15, jaza theluthi moja ya chupa, ongeza maji hadi karibu na shingo na tone la sabuni ya vyombo. Tikisa kwa dakika tano, kisha iweke mezani na usiiguse. Mchanga utatua ndani ya dakika moja hivi. Chembe za katikati, zile laini kama vumbi, zitafuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi unaweza kuelea siku nzima au zaidi. Kama baada ya dakika tano maji ya juu yameshakuwa maangavu, ujue una mchanga karibu mtupu.

Hapohapo fanya jaribio la pili. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani na umwagie siki. Ukisikia sauti ya kuchemka na kuona povu, mchanga wako umechanganyika na makombe yaliyosagika, yaani una chokaa. Usipoona kitu, huenda ni mchanga wa mawe tu, ambao mara nyingi huelekea kuwa mchachu. Kumbuka jibu ulilopata, tutalihitaji kwenye swali la majani ya njano.

Namwagilia kila jioni, mbona kesho yake mchana mimea imelala?

Tupige hesabu. Chukua mita moja ya mraba yenye kina cha sentimita 30, ambako ndiko mizizi mingi ya mboga inakonywea. Mchanga wa ukubwa huo unaweza kuhifadhi takriban lita 18 za maji ambayo mmea unaweza kuyatumia. Udongo wa tifutifu hushika mara mbili au tatu ya hapo. Siku ya jua kali na upepo, mboga zilizofunika eneo hilo hutumia lita 5 hadi 6, na nyingi huanza kuteseka nusu ya akiba ikishakwisha. Nusu ya 18 ni 9. Kwa hiyo una siku moja na nusu tu, tena kwa mimea iliyokwisha kushusha mizizi. Mche uliohamishwa jana, wenye mizizi ya sentimita tano, una saa chache.

Sasa wengi hujibu tatizo hili kwa kumwaga maji mengi zaidi kwa mkupuo mmoja. Lita zote zinazozidi zile 18 hushuka chini ya mizizi, na zikishuka huondoka na nitrojeni uliyoinunua. Kwenye mchanga maji hutolewa kidogo kidogo, mara kwa mara. Miche asubuhi na jioni. Mimea mikubwa kila siku au kila baada ya siku moja, kutegemea jua.

Fanya hili mara moja, litakufundisha kuliko maelezo yangu. Mwagilia kama kawaida yako, subiri nusu saa, kisha chimba kishimo pembeni mwa mmea kwa sepetu, ukuta wake uwe wima. Angalia ulowevu umepita wapi. Kwenye mfinyanzi tone la maji husambaa kama sahani. Kwenye mchanga hushuka kama msumari: utaona mstari mwembamba wa giza ukielekea chini, na sentimita 20 pembeni mchanga ni mkavu na unamomonyoka. Kwa sababu hiyo, kama unatumia mipira ya umwagiliaji wa matone, chagua yenye matundu yaliyokaribiana, sentimita 20 hadi 30. Yenye matundu ya nusu mita itakuachia mimea iliyoshiba na yenye kiu katika mstari mmoja.

Halafu funika udongo. Matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa sentimita 5 hadi 8, huzuia jua lisiupige mchanga moja kwa moja. Kama ningeruhusiwa kumpa mkulima wa mchanga ushauri mmoja tu, ningempa huu wa matandazo.

Kuna sehemu maji yanakusanyika juu kama matone ya mafuta na hayaingii. Mchanga gani huu usiopokea maji?

Huo umepakwa nta. Mabaki ya mimea yanapooza, hasa baada ya kiangazi kirefu, mafuta na nta zake huzivika chembe za mchanga. Dondosha tone moja la maji juu ya mchanga mkavu: likikaa zaidi ya sekunde tano bila kuzama, una tatizo hilo. Usimwage maji kwa nguvu, yatakimbilia pembeni. Chora vifereji, lowanisha kwa mnyunyizo mwepesi, rudia baada ya robo saa, kisha weka matandazo ili usikauke kabisa tena. Kuchanganya mfinyanzi kidogo ndiyo tiba ya kudumu.

Niweke mboji kiasi gani, na mbona inapotea?

Kwa kuanza, tandaza sentimita 5 juu ya kitalu chote na uichanganye na sentimita 15 hadi 20 za juu. Hiyo ni lita 50 kwa kila mita ya mraba, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Ni nyingi, ndiyo. Kwa hiyo usianze na eneo kubwa. Mita kumi za mraba zilizolishwa vizuri zitakupa mboga kuliko mita mia zilizonyunyiziwa mboji kama chumvi kwenye mchuzi.

Inapotea kwa sababu mchanga una hewa nyingi, na palipo na hewa, joto na unyevu, vijidudu hula bila kusimama. Kwenye mfinyanzi, mboji hujificha ndani ya mabonge. Kwenye mchanga haina pa kujificha. Kila msimu ongeza sentimita 2 au 3. Usichimbue sana, maana kila unapopindua udongo unawapa wale vijidudu hewa mpya. Baada ya kule kuichanganya kwa mwanzo, mimi huiweka juu tu, chini ya matandazo, na kuwaachia minyoo kazi ya kuishusha.

Samadi ni nzuri, lakini ioze kwanza. Samadi mbichi ya kuku kwenye mchanga huunguza mizizi, kwa kuwa hakuna kitu cha kupunguza makali yake, na ina chumvi pia.

Palipo wazi kati ya misimu panda marejea (mmea wa jamii ya kunde unaolimwa kurutubisha udongo) au kunde. Zikate zinapoanza kutoa maua na uzilaze hapohapo. Hiyo ni mboji isiyobebwa kwa toroli.

Je, nichanganye mfinyanzi?

Ukiupata karibu, ndiyo, na watu wengi hawaupi heshima yake. Mboji huliwa, mfinyanzi hauliwi na mtu. Ukishauchanganya umeubadilisha udongo kwa maisha. Lakini uwe mkavu na uliopondwa hadi kuwa unga, kisha uchanganywe sawasawa. Ukizika mabonge, yatabaki mabonge, na mchanga utabaki mchanga pembeni yake. Udongo wa kichuguu mara nyingi una mfinyanzi mwingi na huvunjika kirahisi. Jihadhari tu na mfinyanzi uliochotwa kwenye mabwawa ya maji ya bahari au nyanda za chumvi: utakuwa umeongeza tatizo la pili.

Nitengeneze matuta yaliyoinuka?

Kwenye mchanga mkavu, hapana. Tuta huinuliwa ili maji yaondoke, na maji yako tayari yanaondoka. Fanya kinyume: shusha kitalu sentimita 10 hadi 15 chini ya njia, kama jaruba dogo, kingo zikizuia upepo na maji yakikusanyika kwa mimea. Nainua tu pale ambapo maji ya ardhini yako karibu sana na uso, au msimu wa mvua unapogeuza bustani kuwa dimbwi.

Mbolea ya dukani inafanya kazi?

Inafanya, ila igawe. Kiasi ambacho mwenye tifutifu angeweka mara mbili kwa msimu, wewe kiweke mara nne au tano, kidogo kidogo. Nitrojeni husombwa kwanza, ikifuatwa na salfa, boroni na potasiamu. Ukiona majani ya chini, yaliyozeeka, yanageuka njano mmea mzima ukipauka, nitrojeni imekwisha. Urea usiiache juu ya udongo, hasa kama siki yako ilitoa povu: itageuka gesi ya amonia na kupaa. Ifukie sentimita chache na umwagilie mara moja. Na usiweke mbolea mvua kubwa ikiwa inakaribia.

Majani machanga ni njano lakini mishipa yake imebaki kijani. Naongeza nitrojeni, hakuna mabadiliko. Kwa nini?

Kwa sababu si njaa ya nitrojeni. Nitrojeni ikikosekana, majani ya zamani ndiyo yanayopauka kwanza. Yanapopauka machanga, mishipa ikabaki imechorwa kama wavu wa kijani, kinachokosekana mara nyingi ni madini ya chuma, pengine na manganizi. Hapa ndipo lile jaribio la siki linapohitajika. Mchanga wenye makombe huwa na pH (kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni mchachu, juu ya 7 si mchachu) ya 8 na kitu, na katika hali hiyo chuma, zinki na manganizi vipo udongoni lakini vimefungwa, mizizi haiwezi kuvichukua. Fosforasi nayo hufungwa na kalsiamu.

Utaambiwa uweke salfa ili kushusha pH. Ushauri huo ni sahihi kwa udongo usio na chokaa. Kwenye mchanga wa makombe ni kujichosha, na hesabu yake iko wazi. Mita moja ya mraba yenye kina cha sentimita 15 ina uzito wa kilo 225 hivi. Ikiwa asilimia 1 tu ni chokaa, hiyo ni kilo 2.25, na kuimaliza kunahitaji takriban kilo 0.7 za salfa. Mchanga wenye asilimia 30 ya makombe ungetaka zaidi ya kilo 20 kwa mita moja ya mraba! Hakuna mmea utakaovumilia hilo. Utaweka salfa, pH itashuka kidogo pale ilipoanguka, kisha chokaa itairudisha.

Kinachosaidia ni mboji nyingi, ambayo hushika chuma katika hali ambayo mizizi inaweza kuifikia, na kwa mmea ulio mgonjwa sasa hivi, chuma cha kelati (chuma kilichoshikwa ndani ya kemikali inayokikinga kisifungwe na udongo) ya aina ya EDDHA, kwa sababu hiyo haivunjiki kwenye pH ya juu. Unaweza pia kunyunyizia chuma kwenye majani, lakini majani yatakayochipua baadaye yatarudi kuwa njano, hivyo utarudia. Kisha chagua mimea isiyolalamika. Kabichi na bitiruti huvumilia chokaa vizuri. Mmea unaotaka udongo mchachu, kama nanasi, uupande kwenye chombo chenye udongo wake.

Majivu na makaa je?

Kama siki ilitoa povu, weka majivu mbali na bustani. Yanapandisha pH ambayo tayari iko juu. Kwenye mchanga mchachu, kiganja kimoja kwa mita ya mraba kina faida. Makaa yaliyosagwa husaidia kushika maji na virutubisho, lakini yaloweke kwanza wiki mbili kwenye maji ya samadi. Makaa matupu yatanyonya virutubisho kutoka kwa mimea yako.

Maji ya kisima changu yameanza kuwa na chumvi. Niache kulima?

Usiache, ila kwanza elewa kinachotokea chini. Maji baridi ya mvua ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo ardhini huelea juu yake. Kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, chini yake pana takriban mita 40 za maji baridi. Hesabu hiyo hugeuka pia: ukishusha kiwango hicho nusu mita kwa kuvuta kwa pampu, mpaka wa chumvi baada ya muda huelekea kupanda mita 20. Kwa hiyo vuta kidogo kwa vipindi virefu, usichimbe kwenda chini zaidi ukidhani utayapata maji matamu, na kinga kila tone la mvua linaloshuka kwenye paa.

Chumvi hujionyesha kwanza kwenye kingo za majani, zinakauka kuwa kahawia kama zimepitishwa motoni. Mimea haifanani. Maharage, karoti na vitunguu huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikifika desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha chumvi kinachosomwa kwa umeme) au zaidi kidogo. Nyanya huvumilia hadi 2.5, bitiruti 4, na kunde karibu 5. Mwagilia chini, usilowanishe majani.

Na hapa nalazimika kukiwekea mpaka kile nilichosema juu kuhusu maji kidogo kidogo. Maji ya chumvi yakitolewa kidogo kidogo siku zote, yanakauka na kuacha chumvi kwenye mizizi. Mara moja moja lazima uisukume chini. Bahati ni kwamba mchanga ndio udongo rahisi kuliko wote kuosha. Lita 150 za maji baridi kwa mita ya mraba huondoa karibu nusu ya chumvi iliyo katika sentimita 30 za juu. Lita 300 huondoa karibu asilimia 80. Mvua kubwa itakufanyia kazi hiyo bure. Baada yake rudisha mbolea, maana nayo imeoshwa.

Upepo wa bahari unaunguza mboga. Nijenge ukuta?

Ukuta mzima huurusha upepo juu, kisha unaanguka nyuma yake kwa vurugu na kuvunja mimea. Kinachofaa ni kizuizi kinachopitisha karibu nusu ya upepo: uzio wa makuti, wavu, au safu ya mivinje. Kinga yake hufika umbali wa takriban mara kumi ya kimo chake, hivyo uzio wa mita 2 hulinda mita 20 hivi. Baada ya dhoruba, suuza majani kwa maji baridi kabla jua halijapanda.

Naweza kutumia mwani uliotupwa na bahari?

Tumia. Una potasiamu nyingi na hauleti mbegu za magugu. Fosforasi yake ni ndogo, kwa hiyo uchanganye na samadi. Uache unyeshewe au usuuze mara moja kupunguza chumvi. Okota uliokwisha kufa tu, na usiusafishe ufuko wote. Mwani huo unakinga mchanga usichukuliwe na mawimbi na kulisha viumbe vingi.

Nimeng'oa nyanya iliyodumaa, mizizi ina vinundu. Ni ugonjwa?

Huenda ni minyoo fundo, adui mkubwa wa bustani za mchanga, kwa sababu minyoo hiyo midogo isiyoonekana kwa macho husafiri kirahisi kati ya chembe kubwa. Usiichanganye na vinundu vyema vya kunde na karanga. Vile vyema vimeshikizwa pembeni mwa mzizi, ukivisugua kwa kidole vinatoka, na ukikipasua kilicho hai ndani ni chekundu au cha waridi. Vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki.

Ng'oa mizizi yote uichome, usiitupe kwenye mboji. Usirudie nyanya, bamia wala biringanya hapo. Panda marejea msimu mzima, kwani minyoo hiyo haizaliani vizuri juu yake. Wakati wa jua kali unaweza pia kulowanisha kitalu na kukifunika kwa nailoni angavu, kingo zikifukiwa, kwa wiki nne hadi sita. Chagua mbegu za nyanya zinazostahimili minyoo fundo. Huwezi kuimaliza kabisa, lakini unaweza kuipunguza hadi ushindwe kuiona kwenye mavuno.

Nianze na mazao gani?

Karoti na figili, ambazo kwenye mchanga hunyooka bila kugawanyika. Viazi vitamu, mihogo na karanga, ambazo huchimbuliwa bila kukatika. Tikiti maji, kunde, bamia. Kwa miti, mnazi na mkorosho ziko nyumbani kwao. Kabichi, spinachi na nyanya ziache hadi kitalu kiwe kimekula mboji misimu miwili au mitatu.

Naweza kuchota mchanga ufukweni kujazia bustani?

Hapana. Una chumvi, mara nyingi una makombe, na nchi nyingi zinakataza kuuchota kwa sababu ufuko uliochimbwa huliwa na bahari. Ukihitaji mchanga wa kuoteshea miche, tumia wa mtoni uliooshwa.